Mkono Sahanini

Mpishi wa shule, mwanamke aliyelisha watoto mia tatu kila siku, alikuwa zamani mtoto mgumu kulishwa kuliko wote hao. Jikoni hakuwahi kulisema hilo, maana wasaidizi wake wangecheka mpaka wadondoshe miiko. Vitunguu alivichambua kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Bamia ilimtia kichefuchefu kwa kuitazama tu. Na maini, jamani, maini hakutaka hata harufu yake ipite mlangoni. Mama yake alimwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyodonoa chakula kama mtu anayetazamwa na wakwe.

Bahati mbaya alizaliwa kwa seremala. Baba yake alipima kila kitu kwa rula: milango, rafu na watoto. Meza ya chakula aliitengeneza mwenyewe, viti vinne kwa watu wanne, na mezani hapo palikuwa na sheria. Hakuna maneno mpaka baba amalize. Hakuna kuinuka na chakula kikiwa sahanini. Ulichobakiza jioni utakutana nacho asubuhi, kimepoa na kimenuna. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa moja: mkono wa mtu hauingii sahani ya mwenzake. Hiyo ukiivunja, huna utetezi.

Sheria ile haikuanguka kutoka juu. Seremala alikulia katika nyumba ya watoto kumi na mmoja waliokula sinia moja, na aliyeshiba ni mwenye mkono mwepesi. Kitindamimba wao alikuwa mzito wa kula. Alilala na njaa mara nyingi huku kaka zake wakilamba vidole, na seremala alikuwa mmoja wa hao kaka. Ndiyo maana kwake kila mtu alikuwa na sahani yake. "Kwangu mimi mdogo hadhulumiwi," alikuwa akisema, na sauti yake ikibadilika kidogo akifika hapo.

Aliyemwokoa Bibi Harusi ni kaka yake, aliyemzidi miaka sita. Baba yao alikuwa na tabia ya kunywa kikombe kizima cha maji kwa mkupuo mmoja katikati ya mlo, kichwa nyuma, macho ameyafumba. Huo ndio ulikuwa wakati wao. Kikombe kikipanda, mkono wa kaka unavuka meza. Kikishuka, bamia imekwisha kuhama. Mwaka mzima na zaidi alikula vyake na vya mdogo wake, na wala maini yenyewe hakuyapenda. Aliyameza kama dawa, kisha akamkonyeza.

Siku mambo yalipoharibika, maji yalimpalia baba. Kikombe kilishuka kabla ya wakati wake, na mkono wa kaka ulikuwa bado umo sahanini mwa mdogo wake, umeshika pande zima la ini.

"Kumbe unamlia mdogo wako!" seremala alisema.

 Kaka alimtazama Bibi Harusi. Naye alikuwa na miaka saba, na alijua kwamba akisema kweli maini yale yatakuwa yake, leo na siku zote. Akainamisha kichwa akalia. Alilia kwa woga tu, lakini seremala aliyaona machozi yale akayaelewa kwa namna yake: haya ni machozi ya mtoto aliyenyang'anywa kila siku akanyamaza.

"Mwizi hali mezani kwangu," alisema. "Chukua sahani yako uende jikoni. Utarudi siku utakayomwomba mdogo wako msamaha."

Kaka akachukua sahani yake. Kuomba msamaha hakuomba, aombe kwa kosa gani? Na kumtaja mdogo wake hakumtaja. Miaka mitatu alikula jikoni amesimama, mpaka alipofika kumi na sita akaenda mji mwingine kujifunza kuchomelea vyuma. Baba yake alimbandika jina la Mkono, na jina likamfuata mpaka kwenye karakana yake, ambako wateja walidhani anasifiwa ufundi.

Na maini? Bibi Harusi aliyala. Kaka alipoondoka mezani hapakuwa na wa kuyahamisha. Alikutana nayo asubuhi, akakutana nayo asubuhi nyingine, na mwezi haukuisha akawa anayala bila kukunja uso. Hayakuwa na lolote. Alipokua, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: alimtoa kaka yake kwa kitu ambacho angekizoea kwa wiki nne.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwake yalikuwa yamekua, yameota ndevu, na bado alikuwa hajasema. Mwanzoni alikuwa mdogo mno. Kisha akawa msichana wa shule, hakutaka kufukua mambo. Kisha mama yao akafariki, ikawa si wakati wake. Kisha baba akahamia nyumbani kwake, mzee wa miaka themanini na moja mwenye moyo uliochoka, ikawa wakati umepita. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Ijumaa moja, katika bwalo la shule, aliwaona wasichana wawili, mtu na dada yake, wamekaa benchi la mwisho. Mkubwa alikuwa akichota kabichi kwenye sahani ya mdogo, haraka haraka, macho yakiwa kwa mwalimu wa zamu. Kabla mpishi hajafikiri, sauti ilimtoka kutoka dirisha la jikoni mpaka mwisho wa bwalo: "Toa mkono kwenye sahani ya mwenzako!" Mkubwa akaweka kijiko chini. Mdogo akainamisha kichwa. Mpishi alirudi nyuma ya magunia ya unga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na msaidizi wake alipomuuliza kama anaumwa, alisema ndiyo. Alijionea aibu ambayo hajapata kuiona. Akakata shauri: Jumapili atasema, liwalo na liwe. Baba hataondoka duniani akimjua mwanawe kama mwizi.

Kaka alikuja Jumapili ile kama alivyokuja kila mwezi, na sukari na sabuni mkononi na mfuko wa vifaa begani. Alikaza bawaba za lango, akanawa, akaingia jikoni kupakua chakula. Kisha akala palepale, amesimama kando ya sinki. "Nina haraka," alisema, na ilikuwa miaka thelathini na tisa ana haraka. Mezani walikaa mzee na binti yake.

"Baba," alisema, na mzee hajamaliza kula.

"Tunakula."

"Najua, baba. Kaka hakuwa akiniibia."

Seremala alitafuna, akameza. "Kakuibia nini?"

"Yale maini. Mimi ndiye niliyekuwa siyataki. Alikuwa ananilia ili usinilazimishe. Ulipomkamata nikanyamaza."

Mzee aliweka kijiko chini, akakinyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Na sasa?"

"Arobaini na sita, baba."

"Wa miaka saba simlaumu," alisema polepole. "Mtoto ni mtoto. Lakini huyu wa arobaini na sita, anayenisikia kila mwezi nikimwita mwanangu Mkono, anaingia na sukari yake, na mimi namwita Mkono..." Hakumaliza. Alishika meza, akainuka, na binti yake alipotaka kumsaidia aliuondoa mkono wake.

Binti alimsikia akifika jikoni, viatu vikiburuzika.

"Njoo ukae mezani," mzee alisema.

"Nimeshakula, baba."

"Njoo ukae tu."

"Nimeshiba, mzee wangu. Kaa wewe, usisimame sana."

"Mbona hukuniambia?"

Maji ya bomba yalifungwa. "Si ungemlisha kwa nguvu? Alikuwa mdogo," kaka alisema. "Na wewe mwenyewe ulitufundisha mdogo asidhulumiwe."

Kisha mzee akalia. Bibi Harusi hakuwahi kumsikia baba yake akilia, hata siku ya mazishi ya mama yao, na kilio chenyewe kilikuwa kibaya kusikiliza, cha mtu asiyejua kulia kunaanzia wapi. Alitaka kwenda. Alibaki kitini. Alimsikia kaka yake akisema, "Basi, baba, basi, ni mambo ya kitoto hayo," na mzee akijibu, "Jikoni, mwanangu. Nilikuweka jikoni." Alilirudia hilo mara nyingi, mpaka kaka yake alipomshika kwapani akampeleka chumbani kumlaza.

Kaka alipotoka, alimkuta mdogo wake uani, akimkusanyia vifaa ili apate la kufanya.

"Amelala?" aliuliza.

"Hajalala. Ananiuliza siku moja moja. Siku ile ya mvua nilikula wapi. Siku ile mama alipoumwa nilikula wapi."

"Nilitaka akujue ulivyo kabla hajatutoka," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Nilitaka nikurudishie haki yako. Nisamehe, kaka."

"Nilikusamehe nikiwa na miaka kumi na tatu, mdogo wangu. Ulikuwa ukiogopa maini." Kaka alichukua nyundo mkononi mwa mdogo wake, akaitia kwenye mfuko wa vifaa taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mazito zaidi. "Lakini ungeniuliza kwanza. Mzigo huu nilikuwa nao mimi, nami nilikuwa nimeuzoea. Wewe ukachoka nao. Sasa anao yeye, na hana tena muda wa kuuzoea."

Akaweka mfuko chini, akarudi chumbani kukaa na baba yake.