Karani Aliyeulizia Mchele Mwekundu

Mwaka ule wa 1956 bomani Kasongo walitangaza kwamba wanawake watashindana kupika, na mzungu mwenye mashine ya sinema atawapiga picha kwenye sufuria zao. Emilienne, mama wa Cécilia na mke wa mkulima Marcellin, aliandikisha jina siku ile ile. Hakuwahi kupika kwa mshahara. Alipikia nyumbani tu, lakini penye harusi watu waliuliza kwanza kama wali ni wa mkono wake.

Siri ilikuwa mbegu. Bwana shamba alikuwa amegawa mpunga mpya na kuamuru ule wa zamani, mwekundu, usipandwe tena. Emilienne aliupanda kidogo nyuma ya migomba. Vikapu viwili vilikaa darini, juu ya jiko.

Akaanza kujizoeza kila siku, wali na samaki mkavu wa mto Lualaba. Siku ya nne, Antoine, karani wa bwana shamba, akasimamisha baiskeli mlangoni.

"Hodi, Mama Cécilia. Huu muchele iko unanukia! Ulitoa wapi?"

"Sokoni, karani."

"Kwa nani?"

Emilienne akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kesho yake Antoine akarudi, akaomba kuonja. Alitafuna polepole, macho yake darini. Hakuandika kitu, na hilo ndilo lililomtisha Emilienne zaidi.

"Ni mutego," Marcellin akasema. "Tangu lini wazungu wanataka kujua namna munapika? Ndugu yangu alifungwa siku saba juu ya kukataa kulima pamba yao. Wewe utafungwa juu ya wali, na uso wako utakuwa ndani ya sinema."

Emilienne alikasirika, kwa sababu aliona mumewe anasema kweli. Siku ya mashindano akaacha wali, akapeleka bukari, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. Mzungu wa sinema alipita mbele ya sufuria yake bila kusimama. Aliyeshinda ni Hawa, mke wa fundi cherehani wa mjini, kwa pilau. Emilienne alisubiri aone kama Hawa ataulizwa mchele wake umetoka wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Njiani kurudi, Antoine akamfikia, akakokota baiskeli kando yake.

"Mama, mbona hukupika ule mwekundu?"

"Uliisha."

"Mama yangu iko Kabambare, iko mugonjwa. Chakula chote anakataa, anataka ule muchele wa zamani tu. Na miye mwenyewe ndiye nilichoma mbegu yake, kwa amri. Nipe hata kiganja kimoja."

Emilienne alimtazama. Sauti ilikuwa ya mtoto wa mtu, lakini kofia ilikuwa ya serikali.

"Sina, karani."

Antoine akaitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli.

Jioni ile Marcellin alihamisha vikapu kwa wakwe zake. Wiki zikapita, wala hakuna aliyekuja kupekua. Mvua zilipoanza, Pascaline, jirani yao, akarudi kutoka Kabambare, akasema amepita kwenye matanga ya mama wa karani Antoine.

"Alikuwa na mama kweli?" Emilienne akauliza.

Pascaline akamshangaa. "Kila mutu iko na mama."

Emilienne akaingia jikoni. Marcellin alipokuja kumuuliza kuna nini, alimwambia chakula kiko tayari, anawe mikono.