Salamu Marufuku Hewani

Raheli alipoajiriwa kuwa mratibu wa Umoja wa Wakulima wa Mboga, kitu cha kwanza kilichomtoa jasho hakikuwa kabichi wala karoti. Kilikuwa shikamoo.

Umoja ulikuwa na ofisi kuu Lushoto na vituo vitatu, yaani Bumbuli, Mgwashi na Bungu, na kila mahali palikuwa na simu ya upepo iliyoletwa na wafadhili, pamoja na betri yake na kibao cha sola juu ya bati. Simu hizo hazikuwa za watu wawili kunong'onezana. Ukibonyeza kitufe ukasema, wote wanakusikia. Ukimaliza unasema "ova", unaachia, na anayetaka anajibu. Kila asubuhi saa mbili kamili walikutana hewani kupanga kazi ya siku: nani ana mboga gani, kiasi gani, gari lipite wapi. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, enzi za ruksa, kila mtu anauza anachotaka kwa amtakaye, na wanunuzi wa Dar hawakuwa na subira ya kungoja barua ipande mlima.

Sasa ingia hewani uone! Faraji wa Bumbuli anamwamkia Mwanahamisi wa Mgwashi. Mwanahamisi anaitikia, anamwuliza habari za mama yake, za ng'ombe, na za lile jino. Kisha Mwanahamisi naye anamwamkia Mzee Fanueli wa Bungu, mwalimu mstaafu ambaye huvaa koti na tai ndipo akae mbele ya redio, kana kwamba wanamwona. Na Mzee Fanueli si mtu wa kutoa marahaba moja igawanywe. Kila mtu marahaba yake, kila mtu habari zake, na kila habari inaanza na "nzuri" na kuishia kwenye "ila". Nzuri, ila mvua imezidi. Nzuri, ila nguruwe pori wamelala kwenye viazi vyangu. Mpaka wafike kwenye kabichi ni saa tatu kasoro dakika kumi, na betri ya Bungu imeanza kukoroma.

Raheli alivumilia wiki moja tu. Alikuwa na sababu. Alikuwa amepunguzwa kazi serikalini Tanga, amerudi nyumbani na sanduku moja na cheti cha ukatibu muhtasi, na Umoja ulikuwa umempa miezi mitatu ya majaribio: apate mnunuzi wa kudumu abaki, asipompata ajiondokee kwa amani. Ofisini mtu anayechezea muda alimfahamu kwa kumtazama, na hawa walikuwa wakiuchezea muda wake kwa ova.

Basi Jumatatu ya wiki ya pili akabonyeza kitufe akasoma kwenye karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe. "Kuanzia leo, salamu marufuku hewani. Mratibu atauliza, kituo kitajibu kilichoulizwa, basi. Ova."

Ile mikwaruzo ya kawaida ya hewani ilionekana kama imeshikwa na haya.

"Hata shikamoo?" akauliza Faraji, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aingie msikitini na viatu.

"Hata shikamoo. Ova."

Mzee Fanueli alisikika akikohoa kidogo, kisha kitufe cha Bungu kikaachiwa.

Na msichana wa watu, si alifurahi! Kikao cha saa moja kikawa cha dakika nne. "Bumbuli, kabichi?" "Mia mbili, ova." "Mgwashi, karoti?" "Vikapu thelathini, ova." "Bungu, njegere?" "Magunia sita, ova." Safi kabisa, kama risasi. Raheli aliibandika ile karatasi ukutani juu ya redio, akawa anaitazama kila akinywa chai. Wiki mbili zikapita hivyo, na katika wiki hizo akampata mnunuzi, meneja mmoja wa Dar es Salaam anayelisha mahoteli, mtu mkavu wa simu lakini wa kweli.

"Nakupa mzigo mmoja wa majaribio," meneja alisema kwenye simu ya mezani. "Jumamosi. Gari langu la barafu linatoka Arusha, litasimama Mombo mpaka saa tisa alasiri. Kabichi, njegere, na vikapu sitini vya karoti zilizooshwa. Karoti zikikosekana, usihangaike kunipigia tena." Akakata bila kwaheri, na Raheli akaona kabisa kwamba huyu ni mtu wa kufanya naye kazi.

Ijumaa saa mbili aliuliza kama kawaida. Njegere za Bungu zimeshatangulia Mombo kwa njia yao ya Korogwe. Kabichi za Bumbuli tayari. "Mgwashi, karoti?"

"Vikapu sitini, zimeoshwa, zimefungwa. Ova," akajibu Mwanahamisi. Kisha kitufe kikabaki kimebonyezwa kidogo, pumzi ikasikika, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Safi, Mgwashi. Kikao kimefungwa. Ova," akasema Raheli, akaenda kunywa chai yake.

Jumamosi saa tatu asubuhi redio ikaita kwa fujo. Alikuwa Tobia, dereva wa lori, akizungumza kutoka kituo cha Bumbuli, akihema. Alikuwa ameshapakia kabichi na kuanza kupanda kwenda Mgwashi, akakuta barabara haipo. Kilima kimeshuka. Udongo, mawe na miti miwili imelala katikati ya njia, kipande kirefu kama uwanja wa mpira. Gari halipiti, na trekta la kuusukuma huo udongo lingekuja wiki ijayo, kama lingekuja.

Raheli akashika kitufe. "Umeshuka lini, Tobia?"

"Wanasema tangu juzi."

"Juzi! Mgwashi! Mwanahamisi! Mlijua? Ova."

"Tulijua. Ova."

"Mbona hukuniambia jana? Nilikuuliza habari za karoti!"

"Na karoti zipo. Sitini. Uliuliza karoti nikakujibu karoti. Ova."

Hasira zilimpanda Raheli mpaka masikioni. Aliinuka akaizunguka meza, akarudi, akashika kitufe tayari kumpasha. Halafu macho yake yakagonga ile karatasi ukutani. *Kituo kitajibu kilichoulizwa, basi.* Mwandiko wa mashine, sahihi yake chini, na muhuri juu yake. Akaketi.

"Mwanahamisi," akasema taratibu, "lakini jambo kubwa namna hiyo?"

"Sasa ningeanzia wapi, mama?" Sauti ya Mwanahamisi haikuwa na kiburi hata kidogo, ilikuwa ya mtu aliyekaa na donge siku mbili. "Mtu hujamwamkia, hujamjulia hali, unamrushia tu kilima usoni asubuhi asubuhi? Mimi sikulelewa hivyo. Nilikaa hapa nangoja uniulize habari za huku. Ungeniuliza ningesema nzuri, halafu ningekwambia. Ova."

Na huu si ukaidi, usije ukamwonea Mwanahamisi bure. Milimani huko habari mbaya ina mlango wake, nao ni ule mwisho wa salamu. Hata aliyefiwa, ukimwuliza, ataanza na nzuri. Raheli mwenyewe ni mtoto wa Lushoto, kalelewa vivyo hivyo. Alikuwa amejisahaulisha kwa sababu ya cheti.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo. Kutoka Bumbuli mpaka Mombo lori lilihitaji saa mbili, na karoti zilikuwa upande wa pili wa udongo. Alitamani kulia. Aliona aibu pia, na aibu ilikuwa kubwa kuliko woga. Akabonyeza kitufe.

"Bungu, Bungu. Shikamoo, Mzee Fanueli. Ova."

Mkwaruzo. Raheli akasogeza sikio karibu na redio.

"Marahaba, mwanangu," ikaja ile sauti ya koti na tai. "Umeamkaje? Habari za huko Lushoto? Ova."

"Nzuri, Mzee. Ila nimekosea. Nimewafungeni midomo, na sasa mzigo wa majaribio umekwama, na saa tisa ikipita sina kazi, na Umoja hauna mnunuzi. Naomba mnisamehe wote mnaonisikia. Habari za Bungu, Mzee? Ova."

"Nzuri sana. Ila leo kumepooza, nimebaki na kuku tu. Kwaya nzima imeondoka alfajiri kwa miguu kwenda Mgwashi, kuna harusi. Watu thelathini na watano, na ngoma zao. Ova."

Raheli akaketi wima. "Mwanahamisi, shikamoo dada. Habari za Mgwashi? Ova."

"Marahaba! Nzuri, mdogo wangu, nzuri!" Lo, ungedhani mtu kafunguliwa mlango wa bwawa. "Ila hapa hapakaliki, harusi yenyewe ni ya jirani yangu, binti yake Happiness, na ndoa inafungwa Bumbuli kanisani saa saba. Kwaya ya Bungu imeshafika, wanakunywa uji. Ila gari la harusi haliwezi kuja kwa sababu ya udongo, kwa hiyo bibi harusi atavuka kwa miguu na shela lake, na msafara wote nyuma yake. Watu hawapungui themanini, mikono mitupu, wanapiga vigelegele tu. Ova."

Watu themanini. Mikono mitupu. Vikapu sitini. Hakuna aliyehitaji kulisema; vituo vyote vilikuwa vinapiga hesabu ileile.

"Shughuli ni ya Walutheri," akaongeza Mwanahamisi, "ila sisi Waislamu tumepika pilau, kwa hiyo na sisi tuna sauti. Ngoja nikaseme na mama wa binti. Ova na usiondoke."

Faraji wa Bumbuli naye akadakia, akamwamkia kila mtu kwa zamu bila kuruka hata mmoja, na hakuna aliyemharakisha. Nzuri, ila kule kwenye udongo kunateleza, na vijana wa kwa bwana harusi wako hapa kituoni na majembe, wanamsubiri bibi harusi, hawana la kufanya. Akawapeleka wakachonge njia ya miguu. Tobia akarudisha lori kinyumenyume mpaka ukingoni mwa udongo.

Hayo yaliyofuata Raheli hakuyaona kwa macho, alisimuliwa na Tobia, na Tobia huyasimulia mpaka leo. Kwamba saa tano na nusu kwaya ya Bungu ilitokea juu ya udongo ikiimba sauti zote nne, vikapu vya karoti kichwani, wala hakuna aliyeyumba. Kwamba nyuma yao wakaja akina mama wa Mgwashi na kanga zao za sare, vikapu kichwani. Kwamba bibi harusi mwenyewe alikuwa amekunja gauni magotini na kuvaa raba za kaka yake, na alipoona mama mmoja mzee anaelemewa alimpokea kikapu akakibeba mwenyewe, huku wasimamizi wake wakipiga kelele "Weupe! Weupe! Utachafuka!" Na kwamba lori lilipoondoka lilimbeba bibi harusi na wasimamizi wake mbele na kwaya nyuma juu ya karoti mpaka mlangoni pa kanisa, kwa sababu ungewaachaje.

"Limepita hapa saa sita na dakika ishirini," Faraji akatangaza hewani, akamalizia na salamu ya mchana ya Kisambaa. "Onga mshi nyote. Ova."

Saa tisa kasorobo simu ya mezani ikalia. Meneja. "Dereva wangu kanipigia kutoka Mombo. Karoti kaziona, nzuri. Kila Jumamosi, basi, mwaka mzima." Alikuwa anakata.

"Subiri," akasema Raheli. "Habari za huko Dar, kaka?"

Upande wa pili mtu alishikwa na butwaa. "Nzuri," akasema meneja. "Ila joto hili, dada, wee acha tu." Na wakaongea dakika tano.

Jumatatu saa mbili Raheli alikuwa ameshaibandua ile karatasi. Aliwaamkia wote kwa umri, akamalizia na Bungu kwa sababu alijua ndiko kutakuwa kurefu. Mzee Fanueli aliitikia, akasema nzuri.

"Ila mama watoto amelazwa hospitali Bumbuli. Aliteleza mtoni akavunjika mguu. Wiki ya tatu sasa. Ova."

Raheli akabonyeza kitufe. "Mzee, na wewe uko huko Bungu?"

"Huwa nakwenda Jumapili. Siku nyingine nani angekaa na redio? Nilitaka kuomba ruhusa, lakini haikuwa katika maswali, na Jumamosi kilima kilitangulia. Faraji humpelekea uji, Mungu ambariki. Ova."

Faraji alijua. Mwanahamisi alijua, alikuwa ameshampelekea ndizi mara mbili. Wote walijua isipokuwa ofisi kuu. Raheli alimpa mzee ruhusa ya wiki mbili hapohapo, vituo vyote vikisikia. Jumatano yeye mwenyewe akapanda lori la Tobia, na chupa ya chai na mkate mapajani.

Wodini alimkuta Mzee Fanueli na koti lake na tai yake, ameketi pembeni ya kitanda. Kitandani alilala mama mwembamba, mguu juu, macho makali.

"Shikamoo, mama," akasema Raheli akipiga goti.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekataza salamu?"

"Ndiye mimi, mama."

Yule mama akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, bila haraka, kisha akapapasa ukingo wa kitanda. "Haya, kaa hapa. Niulize habari zangu."

Raheli akakaa. "Habari zako, mama?"

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Ila weka hiyo chupa chini, habari zenyewe ni ndefu."