Jumapili ya Majaribio

Watu wa mji wetu wananihurumia sana, na huruma yao imenichosha. Kila Jumapili wakitoka Misa wanapitia supamaketi, wanapanga foleni mbele yangu na nguo zao za kanisani, wananiambia, "Pole Verica, dhambi gani hii kukufanyisha kazi siku ya Bwana," huku wananipa krimu ya kupikia niipitishe kwenye mashine. Kwao mwenye dhambi ni tajiri wa duka, aliyeko mji mkuu, Zagreb. Wao wanapita tu.

Mwezi wa tano mwaka mmoja, meneja wetu Krešo alituita stoo. Tajiri alitaka kujua kama Jumapili inalipa. Jumapili inayokuja ingekuwa ya majaribio: mauzo yakiwa mabovu, kuanzia wiki inayofuata tunafunga siku za Jumapili, yakiwa mazuri, ratiba inabaki ilivyo. Na kwenye ratiba, Jumapili baada ya ile ya majaribio zamu ilikuwa yangu, asubuhi mpaka jioni. Ndiyo siku binti yangu Dorotea angepokea Komunyo ya Kwanza. Kubadilishana haikuwezekana, maana makeshia wenzangu wote walikuwa na mtoto au mpwa kwenye kundi lile lile.

Nikamwendea Padri Ilija. "Padri, siombi mgomo," nikamwambia. "Naomba watu wanunue Jumamosi. Mara moja tu."

Mwezi wa tano kanisa letu hujaa kila jioni kwa ibada za Bikira Maria, kwa hiyo alitangaza siku hiyo hiyo, na akanitaja kwa jina. Watu wakapiga makofi. Jirani yangu Mama Manda akanikumbatia mlangoni. "Hata chumvi sinunui, mwanangu. Bora tule supu chapwa."

Jumapili ya majaribio ikafika, na zamu ilikuwa yangu pia. Asubuhi nzima duka lilikuwa tupu, nikakaa napanga upya pipi zilizokwisha kupangwa. Nilifurahi kama mjinga. Nilishaanza kuwaza nitavaa nini kanisani.

Kisha Misa ikaisha, na wa kwanza kuingia akawa Mama Manda.

"Usinitazame hivyo. Tambi tu. Wajukuu wamenijia ghafla."

"Ulisema hata chumvi hununui!"

"Kwani hii ni chumvi?"

Nyuma yake akaja mwalimu wa Dorotea, halafu mpiga kinanda, halafu mpishi wa Padri mwenyewe, ameshika hamira. Kila mmoja alikuja kwa kitu kimoja, na kila mmoja alishtuka kuwakuta wengine. "Nilidhani ni mimi peke yangu," mpiga kinanda akanong'ona. Foleni ikafika kwenye friji za maziwa. Na wakishasimama hapo, mkono mmoja unachukua chokoleti, mwingine bia.

Nikashindwa kujizuia. "Jamani, si mliahidi!"

Wakatazama sakafu, wakatazama dari. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. "Fanya haraka basi, Verica," sauti ikatoka nyuma, "nimeacha nyama jikoni."

Wa mwisho alikuwa Zvonko, mume wangu. Uso umemwiva, mkononi ana soksi ndefu nyeupe za mtoto.

"Zvonko! Na wewe?"

"Za Komunyo zimechanika. Alikuwa anajaribisha gauni, ukucha ukanasa. Hana nyingine."

"Si utanunua kesho!"

"Kesho nitasahau, unanijua. Halafu tazama watu wote waliopita hapa. Unadhani soksi zangu ndizo zitakazokunyima ruhusa?"

Kila aliyepita kwangu alikuwa na maneno hayo hayo, ila wengine silali nao kitanda kimoja. Nilitaka kumtupia zile soksi usoni, na watu wangeona, na ningefurahi.

"Ni za mtoto, Verica," akasema taratibu.

Nikazipitisha kwenye mashine.

Jioni Krešo alitoka ofisini anachekelea. "Tumevuka lengo! Sikujua mji huu unapenda Jumapili hivi." Nilizima mashine, nikaenda nyumbani, na usiku ule mimi na Zvonko hatukusemeshana.

Jumapili iliyofuata Dorotea alipokea Komunyo mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha ukeshia. Zvonko alinitumia picha kwenye simu: mtoto amesimama wima, mshumaa mkononi. "Soksi zimemkaa vizuri," aliandika. Nilikuwa bado naitazama watu walipoanza kuingia kutoka kanisani. Walinisimulia alivyopendeza, alivyoitikia kwa sauti bila woga. Mama Manda alikuwa bado anafuta machozi. "Pole, mwanangu, ungemwona," akasema, akaniwekea mfuko wa barafu mbele yangu. Alikuwa ametumwa na Zvonko. Barafu ilikuwa ya sherehe, nyumbani kwangu.