Meza Iliyofika Shuleni

Hakuna aijuaye habari ya meza hii kuliko anayeisimulia hapa, ambaye hajawahi kukaribishwa mezani hapo hata kwa kikombe cha maji. Lakini kuta zina masikio, na majirani wana mengi zaidi.

Asubuhi moja mke wa mpatanishi alinyoosha mkono ampe mumewe chumvi, mkono haukufika. Jana yake ulifika. Akainuka, akaizunguka meza, akamwekea chumvi kando ya sahani.

"Mume wangu," alisema, "mama macho yanamwisha. Jana kajimwagia chai ya moto mguuni. Nataka aje akae nasi, kile chumba cha nyuma."

Mpatanishi aliinama akatazama chini ya meza.

"Mbao hutanuka wakati wa joto," alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na wapangaji tayari: mabango ya semina, maboksi ya kadi za kufundishia, kengele ndogo za kutuliza makelele, na wanasesere wawili wa kitambaa waliotumiwa kuwafundisha watoto namna ya kuombana radhi. Wanasesere hao walikuwa na kitanda chao.

Alikuwa mpatanishi kwelikweli, asinyimwe haki yake. Ndugu waliogombea kiwanja walipita kwake, na wanandoa waliokwisha kugawana hadi foronya. Kanuni yake ilikuwa moja, aliichapa kwenye kila bango: Rudisha kwanza, jibu baadaye. Yaani kabla hujamjibu mwenzako, urudie alichosema, na ukisharudia, mwenyewe aseme "Ndivyo." Asiposema "Ndivyo", hujasikia, anza upya. Watu wazima walilia kusikia maneno yao yakitoka salama kwenye kinywa cha adui. Wakatoka wameshikana mikono.

Nyumbani, kila mara mke alipokitaja chumba, meza iliongezeka shubiri. Upande uliokwenda ulikuwa wa mume. Ulipofika ukutani aliitwa mwashi, akatoboa tundu nadhifu, akalipiga lipu, akauliza kama na chumba cha nyuma kina kazi. Akaambiwa hakina. Meza ikapita uani kwa jirani, mjane mwenye ulimi, naye akaifurahia kwa kuwa alipata pa kuchambulia mchele. Kisha ikavuka barabara. Waendesha pikipiki wakajifunza kuinama, magari yakazungukia sokoni.

Mpatanishi aliifuata na kiti chake, maana mwanamume haachi nafasi yake mezani.

"Shemeji, leo umelala wapi?" jirani alimuuliza alipopita kwenda kubadili shati.

"Nimefika kwa kinyozi."

"Ukiendelea hivi, wiki ijayo utakuwa shuleni."

"Ndiko ninakokwenda. Nina mafunzo huko."

"Mganga hajigangi," alisema fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, lakini alisema akiwa na misumari mdomoni, na mpatanishi akadhani amesalimiwa. Akaitikia.

Chai haikumkosa. Mkewe aliisukuma chupa kutoka upande wake, jirani akaidaka, akaisukuma mbele, fundi viatu akaipokea, hivyo hivyo hadi ikamfikia ikiwa bado ya moto. Maneno nayo yalipita kwenye mbao. Ukilaza sikio mezani unamsikia wa mwisho kule kama mko chumba kimoja. Njia nzima walijua habari ya macho ya yule bibi, na kinyozi alikuwa na dawa ya kushauri. Mpatanishi hakulaza sikio. Alikuwa anaandaa kadi mpya.

Tangu juzi chai ilikuja na sukari nyingi mno. Hakuuliza.

Meza ikaingia ukumbini mwa shule asubuhi ya kuzindua kikundi cha wanafunzi wapatanishi, wale ambao wenzao wakigombana uwanjani hupelekwa kwao kabla ya kufika kwa mwalimu. Mwalimu mkuu alishukuru, kwa sababu ukumbi ulikuwa na upungufu wa meza. Wanafunzi walikaa pande zote mbili, wamevaa vizibao vya njano. Mpatanishi alisimama mwisho wa meza na kikombe chake.

"Maboksi mengine ya vifaa yanakuja," aliwatangazia. "Msihofu pa kuyaweka. Nyumbani nina chumba kizima."

Makofi yakapigwa. Meza ikaguna kidogo.

Mkuu wa kikundi alikuwa binti wa kinyozi, wa darasa la sita, mkali wa utaratibu kuliko mwalimu wa zamu. Alitakiwa aionyeshe kanuni mbele ya wageni, na mpatanishi akajitolea awe mfano.

"Mzee, wa mwisho kuongea naye nyumbani ni nani?"

"Mke wangu. Leo asubuhi hii."

"Alisema nini? Rudisha."

Mpatanishi alitabasamu kwa wageni. "Alisema, 'Kazi njema, mume wangu.' Akanimiminia chai hii kwa mikono yake."

"Sasa inabidi mwenyewe aseme 'Ndivyo'," alisema binti, na kabla hajazuiwa alilaza sikio mezani, akauliza, akasubiri.

"Mzee, kule mwisho yuko mama mmoja anachambua mchele. Anasema yeye si mkeo."

"Huyo ni jirani."

"Anasema chai anakupikia yeye tangu juzi, kwa huruma. Mkeo alichukua sanduku akaenda kukaa na mama yake asiyeona. Anasema alikuaga hapa hapa mezani, njia nzima ikasikia."

Meza ikaongezeka shubiri. Mpatanishi akarudi nyuma hatua, na mwalimu mkuu akamsogezea kiti, kwa adabu tu.

"Basi ilikuwa juzi," alisema mpatanishi, akiweka kikombe chini. "Juzi ndiyo aliniambia kazi njema."

"Ngoja niulize," alisema binti wa kinyozi, akalaza sikio tena.