Mdundo wa Saba Githongo

Siku Nyamu alipoingia katika ghala la kiwanda cha kahawa hapa Githongo, tunamofanyia mazoezi, klarineti kwapani, nilijua amekuja kuchukua kitu. Kitu gani ndicho sikujua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa, lakini waliotunga methali hiyo hawakuwa na bendi.

Mimi nina bendi. Tarumbeta, tromboni na saksafoni, tunapiga jazi ile ya vikosi vikubwa vya zamani, kwenye harusi na hafla za hoteli kutoka Meru mpaka Chuka. Tarumbeta ya kwanza ni binti yangu, Gacheri, niliyemfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo. Mtoe Gacheri, nabaki na wazee wanaopuliza vyuma.

Nyamu ni daktari wa mifugo, mtu wa Embu, anakaa mtaa wa Dallas huko huko. Alisomea Bulgaria, na huko, akitoka kwa ng'ombe huyu kwenda kwa yule, akaokota muziki wa harusi za vijijini. Alitaka tuuchanganye na wetu.

"Mzee Kailemia," aliniambia, "nyinyi mko na big band tayari. Mimi naleta tu beat."

Mtu akisema analeta "tu", mimi humwangalia mara mbili.

Mdundo wenyewe ulichechemea. Alipiga makofi: fupi, fupi, ndefu, kisha tena. Fupi ni mbili, ndefu ni tatu; ukihesabu unapata saba, na mguu wako ukitafuta wa nane unakanyaga hewa. Runji, mpiga ngoma wetu, alicheka mpaka akaangusha fimbo. "Daktari, hii ni ng'ombe ya miguu tatu. Si ungeitibu kwanza?"

Gacheri hakucheka. Aliinua tarumbeta akaupata mara moja, kisha mwishoni akaipinda sauti kama mama anayelia matangani. Hiyo sikumfunza mimi. Niliumia, nisidanganye.

Tangu hapo nikawa askari. Kila Jumamosi Nyamu akija, nilisimama mahali ninapouona uso wake. Akimpa Gacheri maji, naona. Akimsifu, nauliza mbona Runji hasifiwi. Kwa bahati mbaya, muziki nao ulinoga. Saksafoni zilitembea na jazi yetu, pole pole, klarineti ikikimbia juu yake kwa ule mguu mfupi, na zamu ya tarumbeta ikifika, wanawake waliokuwa wakianika kahawa nje waliacha kazi. Hilo liliniudhi zaidi. Ningependa mwizi wangu awe hajui kazi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Nyamu akaja nyumbani kwangu. Gacheri alikuwa kando yake. Mikononi Nyamu alishika bunda la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba.

Kwetu Meru, mwanamume akileta bunda la namna hiyo kwa baba wa msichana, hana haja ya kueleza. Amekuja kuposa. Baba akilipokea, amekubali. Akiweka mikono nyuma, mgeni arudi alikotoka.

Niliweka mikono nyuma.

"Daktari, rudi Embu na hiyo kitu. Binti yangu hatoki kwa bendi kwenda kuwa bibi ya mtu Dallas."

Nyamu alimgeukia Gacheri.

"Baba, usimkaripie," Gacheri akasema. "Yeye ni wa kubeba tu. Hiyo miraa ni yangu. Nilinunua jana Majengo."

"Yako ya nini?"

"Sijawahi ona msichana akiletea babake bunda, ndio nikaomba daktari anibebee. Hakuna mtu ananioa. Nataka uniachilie nianzishe bendi yangu huko Embu, ya hiyo beat. Nimejaribu kukuambia, baba, lakini kila nikifungua mdomo unaniuliza mambo ya daktari."

Jumamosi zote hizo macho yangu yalikuwa kwa Nyamu. Ningeweza kukuambia akipumua anainua bega gani. Binti yangu nilikuwa nikimlinda asiibiwe kama mbuzi, na mbuzi haulizwi anataka kwenda wapi.

"Na hapa nani atapiga tarumbeta ya kwanza?"

"Sijui, baba."

Angesema nitapata mwingine, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Nyamu alitaka kusema kitu, nikamnyamazisha kwa jicho. Mwanamume aliyeleta posa namjua, na kumfukuza najua. Lakini binti anayejiposa mwenyewe kwa babake, unamfukuzia wapi?

Gacheri akalichukua bunda kutoka kwa Nyamu, akaninyooshea yeye mwenyewe. Nilitoa mikono yangu nyuma, yote miwili, nikalipokea.