Kekeo wa Nuala

Serikali ilipotufungia ndani kwa sababu ya korona, ilituruhusu kutoka kunyoosha viungo, mradi usivuke kilometa mbili kutoka mlangoni kwako. Kilometa mbili! Enzi zangu za lori, huo ulikuwa mwendo wa kupapasa miwani kwenye kiti cha pili.

Lori lilichukuliwa na benki. Mke wangu alijichukua mwenyewe. Nilichobaki nacho ni baiskeli ya kike ya dada yangu Nuala, yenye kikapu mbele, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Basi nikaipanda asubuhi moja, magoti yakilia kuliko mnyororo, nikagundua kwamba hapa kwetu kaunti ya Mayo kuna ndege. Walikuwepo siku zote. Aliyekuwa akiwafunika sauti ni mimi na honi yangu.

Nuala ana miaka sabini na minne, na watu wa umri wake hawakuruhusiwa kuvuka hata geti. Kila nikipita nilisimama kwenye ua wake nikimhadithia habari za ndege kama vile nimewaumba mimi. Siku moja akanikatiza, akauliza kama nimemsikia kekeo. Nikasema bado, lakini huyo ni kazi ndogo.

Kila mwezi wa nne yeye na mumewe Malachy walikwenda kwenye kinamasi cha Carrowbeg kumsikiliza kekeo akiita anapofika kutoka nchi za joto. Malachy tulimzika Januari.

"Sijakosa hata mwaka mmoja, Fintan," alisema. "Nikimkosa huyu ndege sasa, nitaona kama Malachy naye sikuwahi kuwa naye."

Nikaapa kumrekodia sauti ya huyo ndege kwenye simu. Nilikuwa nimeshaondoka kwa mbwembwe ndipo nikakumbuka kwamba kinamasi kiko ng'ambo ya daraja, nje kabisa ya mpaka wangu, na darajani kuna polisi.

Kesho yake niliiwasha simu ianze kurekodi ikiwa kikapuni, tangu kwenye mlima kabla ya daraja, nisije nikapitwa. Polisi, binti mdogo tu, akanisimamisha akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kumsikiliza kekeo.

"Mzee, jana mmoja kaniambia anampeleka kuku kwa kinyozi," akasema. "Hebu geuza."

Nikaanza kumweleza habari za Nuala, vibaya, nikihema. Hapo hapo, mbali kule kinamasini: kuk-kuu. Binti akazima redio yake ya begani. Tukasimama wote wawili kama watu wa kanisani. Kisha akanigeuza vilevile.

Nuala alifungua dirisha kidogo, mimi nikaipangusa simu kwa dawa, nikaiweka kizingitini na kurudi nyuma. Kwanza zikasikika pumzi zangu, halafu matusi niliyoutukana mlima.

"Huyu anayekoroma ni ndege gani?"

"Ni mimi, dada."

"Maskini. Atakuwa karibu kufa."

Akamsikia polisi akinifukuza, akacheka mpaka akashika pazia. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mazishi. Halafu kekeo akaita. Nuala akaacha kucheka. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akaichukua simu na kulifunga dirisha, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo kwenye nyasi.

Alikaa nayo mpaka Jumapili. Haikunipa shida yoyote, kwa sababu aliyekuwa akinipigia ni yeye peke yake.