Yowe la Limbu

Kwandu hakumchukia Kasmiri tangu mwanzo, na hilo ndilo lililokuja kumuuma. Alimpenda. Nani asingempenda? Limbu, mwana wa Kwandu, alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha pamba cha ushirika, huku kwetu karibu na Dutwa, mtu wa kuamkiwa njiani, mpaka ruhusa ikatoka kwamba kila mwenye lori anunue pamba. Wanunuzi wakaja na mizani yao na makarani wao. Kituo kikapigwa kufuli, popo wakahamia, na Limbu akahamia kilabuni. Masika yaliyofuata binti yake mdogo akafa kwa homa. Watu walikuja msibani, wakalia, wakala, kisha kila mmoja akakimbilia palizi yake.

Aliyebaki ni Kasmiri, mhubiri mgeni asiye na kanisa linalojulikana, aliyepiga kambi na wafuasi wachache ng'ambo ya kijito. Alishika jembe akampalilia Limbu shamba lote. Jioni alikaa naye tu, bila maneno mengi. Limbu akaacha pombe. Wee, Kwandu alipiga vigelegele! Alimpelekea yule mhubiri jogoo kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya pombe yakafuata mengine, moja moja, kila moja dogo kiasi kwamba ungeonekana mkorofi kuligombania. Limbu akaacha ngoma. Sawa, ngomani kuna ulevi. Akaacha kanisa alikobatizwa. Akaacha kuitikia salamu ya mtu asiye wa kambi, hata umsalimie "Mwadila" mara ngapi. Mwisho akakataa kula chakula cha mama yake.

"Mayu, ninyi bado mko gizani," alimwambia kwa upole, na upole ule ukamtia Kwandu baridi.

Ndipo Kasmiri akampa Limbu kile alichokuwa akikitafuta tangu siku ya maziko: mtu wa kulaumu. Mtoto hakufa kwa homa, alimwambia. Mtoto alirogwa, na aliyemroga ni bibi Generoza, mkunga wa kijiji, si unaona macho yake yalivyo mekundu? Macho mekundu! Jamani, mwanamke aliyepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, akipuliza moto wenye moshi asubuhi na jioni, ulitaka macho yake yawe ya rangi gani?

"Generoza ndiye aliyekupokea ulipozaliwa," Kwandu alimwambia mwanawe. "Ndiye aliyekesha na mtoto wako."

"Ndivyo wanavyofanya, mayu. Wanajisogeza karibu."

Kila wema wa yule bibi sasa ulikuwa ushahidi dhidi yake. Kwandu akaenda kwa Masunga, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, kumwonya kuhusu watu wa kambi. Masunga akacheka.

"Wale wa kambini? Hawanywi, hawaibi, hawagombani. Laiti vijana wote wangekuwa hivyo!"

"Haya," alisema Kwandu. "Kama hamtaki kumlinda Generoza, nitamlinda mimi."

Tangu hapo, kila alasiri alijitwika tenga lake la pamba akaenda kuichambulia mlangoni kwa Generoza. Walichambua, wakasengenya, wakacheka, na Kwandu hakuondoka mpaka wajukuu wa Generoza warudi kutoka machungani. Majirani walimtania kwamba ameolewa kule. Aliwaacha wacheke.

Asubuhi moja Limbu akaja kwake na mzigo wa kuni begani. Hakuwa amemletea hata kijiti tangu ajiunge na kambi. Akautua uani, akajifuta jasho.

"Leo usiende kwa yule bibi, mayu. Pumzika kwako."

"Kuna nini?"

"Pumzika tu."

Loh, moyo wa mama ni mjinga! Alifurahi. Alidhani mwanawe ameanza kumrudia. Alasiri ilimkuta jikoni akipika mlenda alioupenda Limbu, na tenga la pamba likiwa limekaa pembeni.

Hapo yowe likapigwa upande wa mashariki. "Ng'ombe! Wanaswaga ng'ombe kwenda Mwandoya!" Kwetu yowe halina mjadala. Ukilisikia unalipokea kwa kupiga lako, unalikimbilia, na asiyekimbia sungusungu watamuuliza. Wanaume walitupa magunia wakatoka na fimbo na mikuki. Kwandu naye alishika mchi, akafungua kinywa alipokee.

Yowe likapigwa tena, na kinywa chake kikabaki wazi. Ile sauti ilikatika mwishoni, kisha ikapanda. Sauti hiyo aliijua tangu ikiwa ya mchunga ndama. Limbu! Limbu asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja, Limbu ambaye watu wa kambi yake hawaitikii hata salamu, anaita kijiji kizima kiende mashariki. Na nyumba ya Generoza iko magharibi.

Kwandu akageuka.

"Mama Limbu, ni huku!" jirani alimpigia kelele. Alikimbia kama msichana, mchi mkononi.

Kwa Generoza alikuta vijana wawili wa kambi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje, na ndani Generoza alikuwa akiugonga na kulia. Mmoja alikuwa akimwaga mafuta ya taa kwenye nyasi za paa na mlangoni. Kasmiri mwenyewe hakuwepo. Watu kama yeye hawaendi, hutuma. Kwandu akajipenyeza mpaka mlangoni, akauegemea, na mafuta yaliyokuwa yakimwagwa yakamlowesha kichwa na kanga.

"Ondoka, mama," alisema mwenye kiberiti. "Mwanao ni mwenzetu."

"Basi washa! Kisha nenda ukamwambie mwenzenu umemchoma nani."

Akapiga yowe lake. "Rudini! La kule ni la uongo! Wanachoma mtu!" Mwanamke wa nyumba ya pili akalipokea, na wa tatu, mpaka likawafikia wanaume huko walikokuwa wakitafuta nyayo zisizokuwepo. Kijana hakuwasha. Walipotaka kukimbia njia zilikuwa zimejaa watu.

Waya ukakatwa, Generoza akatolewa. Masunga, bila kicheko safari hii, akauliza, "Nani alipiga yowe la kwanza?"

Wale wawili wakadai hawajui. Limbu alisimama katikati ya waliorudi, anahema kama wenzake, fimbo mkononi. Hakuna aliyemshuku. Alimtazama mama yake, na Kwandu akayaona macho yaleyale ya mtoto aliyevunja chungu.

Angenyamaza, mwanawe angelala kwake usiku ule. Na kesho? Kasmiri angemtafutia macho mengine mekundu.

"Ni Limbu," alisema. "Sauti ya mwanangu naijua."

Fimbo zikapanda. Kwandu akamkumbatia mwanawe kiunoni. "Hapigwi! Nimemtaja mimi, na mimi ndiye nitakayempeleka polisi. Nyie mkamateni Kasmiri kabla hajafungasha!"

"Umeniuza, mayu," Limbu alisema.

"Nimekuuza. Tembea."

Wakashika njia ya Dutwa, sungusungu wawili mbele, mama nyuma ya mwanawe. Walikwenda mwendo mrefu. Upepo ulipogeuka Limbu akanusa, akasimama, akaigusa ile kanga iliyolowa.

"Haya mafuta ya taa, mayu..."

"Yalimwagiwa aliyekuwa mlangoni, na mlangoni nilikuwa mimi."

"Nilikwambia ukae kwako!" Sauti ikamkatika mwishoni, kisha ikapanda, na akaanza kulia barabarani, mtu mzima mwenye ndevu.

"Na Generoza, mtoto wa mtu mwingine, angeambiwa na nani?" Kwandu alisema. Akamfuta uso kwa kiganja, kwa sababu kanga haikufaa, akamsukuma mgongoni taratibu, wakaendelea.